Kunguru chambo: mwongozo kamili wa kumvutia kunguru wa Kihindi mtegoni, kwa ndege hai na wa bandia

Ukining'iniza utumbo wa kuku ndani ya mtego mtupu pale Kariakoo, kunguru watatua juu yake, watachungulia, watapiga kelele, kisha wataondoka kwenda kula kwenye jalala la jirani. Chakula wanacho kila kona ya mji. Kinachomshusha kunguru ndani ya mtego ni kunguru mwenzake anayekula humo bila wasiwasi. Ndiyo maana wanaotega kwa miaka mingi huhangaika zaidi na ndege wa kuvutia kuliko na chakula, na mwongozo huu unahusu hao: namna ya kumpata kunguru chambo aliye hai, kumtunza, na kumtengeneza wa bandia pale ambapo wa kweli bado hajapatikana.

Anayezungumziwa hapa ni kunguru wa Kihindi, yule wa shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka mjini. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na leo yuko pwani nzima na ameanza kupanda bara kwa kufuata barabara na majalala. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anabeba vifaranga mbele ya macho ya mwenye kuku, anadonoa maembe yakiwa mtini. Januari 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza nia ya kuwapunguza kwa milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Kwamba wanaweza kumalizwa kabisa mahali fulani si ndoto: kisiwa cha Socotra, nchini Yemen, alikofika katikati ya miaka ya 1990, kilimaliza wote kufikia 2009. Lakini Socotra walikuwa wachache. Sisi wetu ni wengi, na mtego mmoja uani kwako hautaondoa kunguru wa Temeke. Utapunguza wale wanaokusumbua wewe na majirani zako, na ukiwa na mitego kadhaa mtaani inayoendeshwa vizuri, tofauti huonekana.

Kabla ya kushika msumari

Hakikisha unamjua ndege wako. Kunguru wa Kihindi ana paji la uso, utosi na koo vyeusi vinavyong'aa, lakini kisogo, shingo na kifua ni vya kijivu. Urefu wake kutoka mdomo hadi mkia ni kama sentimita 40, na mwili ni mwembamba. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa zaidi na ana kifua cheupe pe, weupe unaozunguka mpaka nyuma ya shingo. Huyo wa kifua cheupe si mlengwa. Akiingia mtegoni, mfungulie.

La pili ni kibali. Kukamata ndege wa porini, hata yule anayechukiwa na kila mtu, kunaangukia chini ya sheria za wanyamapori. Kenya nenda ofisi ya KWS iliyo karibu nawe. Tanzania Bara anza kwa ofisa maliasili au ofisa wanyamapori wa wilaya, na Zanzibar kwa idara inayoshughulikia misitu na maliasili. Omba jibu la maandishi, kisha mpe nakala mwenyekiti wa mtaa au sheha. Karatasi hiyo itakuokoa siku jirani atakapopiga simu polisi kwamba kuna mtu anafuga kunguru kwenye tundu, na usishangae wakianza kusema ni mambo ya uganga.

Bunduki weka kando kabisa. Marekani kuna wawindaji wanaopanga kunguru wa plastiki shambani, wanajificha nyuma ya wavu na kuwapiga risasi wale wanaoshuka, tena kwa msimu uliowekewa kikomo cha siku 124 kwa mwaka. Ni mashamba makubwa yasiyo na watu, na ni kunguru wa aina nyingine. Ujuzi wao wa kupanga ndege wa bandia tunaweza kuuazima. Risasi kati ya nyumba hapana.

Mtego, kwa ufupi

Mtego unaotumika sana pwani yetu ni ule wa Malaysia. Ni chumba cha wavu ambacho mtu anaweza kuingia akiwa amesimama, tuseme mita 3 kwa 2 na kimo cha mita 2, chenye mlango wa komeo ubavuni. Paa lake halikukaa sawa: limebonyea katikati na kushuka ndani, na chini kabisa ya bonde hilo kuna ngazi iliyolala. Kunguru hukunja mbawa na kudondoka kati ya vipago vya ngazi. Akitaka kutoka lazima akunjue mbawa aruke, na mbawa zilizokunjuliwa hazipiti.

Nafasi kati ya vipago ndiyo roho ya mtego. Sentimita 15 hadi 20 ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya hapo jaribu: ukiona ndege anaingia na kutoka, punguza, ukiona wanasimama juu ya ngazi na kuinamisha shingo bila kushuka, ongeza kidogo. Ngazi isikae chini mno. Ndege aliyesimama sakafuni asiweze kudandia kipago kwa kuruka tu, na ndege aliyekaa kwenye kitulio asiwe sawa na ngazi, kwa hiyo vitulio vyote vipelekwe pembeni, mbali na katikati.

Tumia wavu wa tundu la inchi moja, ulionyooka na usiotoboka kwa mdomo. Chini, laza wavu wa upana wa kama sentimita 30 kuzunguka nje ya mtego na uufukie kidogo, maana paka na nguchiro watachimba. Nguchiro mmoja akiingia usiku, asubuhi huna chambo hata mmoja.

Mtego uwekwe mahali ambapo kunguru tayari wanashuka kula: nyuma ya machinjio, karibu na jalala la hoteli, pembezoni mwa soko la samaki. Uwe na mti mrefu au nguzo ndani ya hatua thelathini au arobaini, kwa sababu kunguru hafiki moja kwa moja kwenye chakula. Hutua juu kwanza, akatazama. Usiuweke ubavuni mwa banda la kuku. Kunguru anaweza kubeba kideri na salmonela, na hutaki wamwage kinyesi chao pale.

Kunguru chambo aliye hai

Tatizo la kwanza la kila mtegaji mpya ni hili: unahitaji kunguru ili umpate kunguru. Njia rahisi ni kuomba kwa mtu ambaye mtego wake umeshakamata. Mtego wowote unaofanya kazi una ndege wa ziada, na watu hawa hupeana bila shida. Safari ya chambo ifanyike jioni, ndani ya boksi lenye matundu lililofunikwa gunia, si kwenye mfuko wa salfeti juu ya bodaboda saa nane mchana.

Kama huna wa kumwomba, lisha kwanza. Acha mlango wa mtego wazi, weka chakula ndani na nje kila asubuhi kwa wakati uleule, wiki nzima au mbili. Mabaki ya wali na ugali, vichwa vya samaki, dagaa, utumbo wa kuku, maganda ya mayai. Siku za mwanzo watakula vya nje tu. Baadaye utaona mmoja, mara nyingi kijana wa mwaka huu, anaingia kwa mlango wa chini anachukua na kukimbia. Wakianza kuingia kwa kujiamini, funga mlango na uhamishie chakula chote chini ya ngazi. Hapo ndipo ndege wa bandia, tutakaokuja kuwaona, wanafanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Ukishapata watatu wanne, chagua. Wa kukaa kama chambo awe na manyoya kamili, macho maangavu, kinyesi kisicho cha majimaji, na tabia ya kula mbele yako. Vijana ni bora kuliko wazee. Wanazoea tundu haraka, na hawajajifunza kumhofia binadamu vya kutosha. Mzee anayejirusha kwenye wavu kutwa nzima ni hasara. Atajitoa damu kwenye paji la uso, atapiga mlio wa hatari, na kunguru wote wa mtaa watakuja kumlilia badala ya kuja kula. Huyo mtoe siku hiyohiyo.

Idadi inategemea msimu. Wakati wa kawaida, wanapotembea kwa makundi, mtego wa mita 3 uwe na chambo wanne hadi sita. Kundi dogo linalogombania chakula ndiyo picha inayowavuta. Lakini ukianza kuwaona wanabeba vijiti na vipande vya waya kwenda kwenye mwembe au mwarobaini, ujue wanajenga. Kila jozi sasa inalinda mti wake, na kunguru mgeni anayeonekana chini ya mti huo ni uchokozi. Msimu huo punguza chambo wawe wawili au hata mmoja, sogeza mtego karibu na viota, na wenye mti watashuka wenyewe kumfukuza. Utakamata ndege wachache kwa siku, lakini ni wale wanaozaa, na jozi moja iliyotolewa kabla ya kuangua mayai yake matatu hadi matano si jambo dogo.

Sasa matunzo. Hapa sina masihara na mtu: chambo ni mnyama aliyefungwa na wewe, na anakutegemea wewe kwa kila kitu. Uingereza, ambako kuna mtego mdogo wa kunguru wenye chumba maalumu cha chambo, masharti ya vibali yanadai ndege huyo awe na chakula, maji, kivuli na kitulio, na mtego ukaguliwe angalau mara moja kila siku. Kwa joto letu mara moja haitoshi. Kagua asubuhi na jioni.

Maji ndiyo ya kwanza. Tumia sufuria nzito au beseni la udongo, pana kiasi cha ndege kuoga, na ubadilishe maji kila unapokagua. Kunguru anapenda sana kuoga, na kunguru anayeoga ndani ya mtego saa nne asubuhi huvutia wenzake kuliko kilo ya nyama. Wataona maji yanavyoruka, watamsikia, na wakati wa kiangazi maji yenyewe ni adimu kuliko chakula.

Kivuli kifunike kama theluthi ya paa, upande mmoja, mbali na ngazi. Makuti yanafaa kuliko bati. Bati linachoma na linapiga kelele mvua ikinyesha. Ubavu wa upande huohuo uzibe kwa makuti mpaka nusu ya kimo, ili chambo apate pa kujificha na upepo. Usizibe zaidi ya hapo. Mtego ukifanana na kibanda, wa juu hawamwoni aliye ndani na kazi yote imepotea.

Vitulio viwe matawi halisi, unene wa kidole gumba, yasiyo laini kama bomba. Mguu wa ndege ukikaa siku nyingi kwenye kitulio kibaya hufanya vidonda, na chambo mwenye vidonda husimama kwa mguu mmoja amejikunyata, manyoya yamefutuka. Wenzake wanaijua picha hiyo kuliko wewe.

Chakula cha chambo kiwe kingi na cha aina mbili tatu, na kikae wazi katikati, chini ya ngazi. Usimshindishe njaa ukidhani atapiga kelele za kuita. Mwenye njaa hulia kwa namna inayotisha, mwenye kushiba huparua, huficha vipande kwenye kona, hugombana na mwenzake. Hicho ndicho unachokitaka. Nyama iliyooza ondoa kila jioni, la sivyo utavutia siafu, na siafu hawana subira na ndege aliyefungwa. Miguu ya mtego ipake oili chafu au uizungushie majivu, hasa msimu wa mvua.

Weka alama. Kamba ndogo ya plastiki ya rangi ya njano au nyekundu, ilegee kwenye mguu bila kuubana, itakuonyesha usiku nani ni chambo na nani ni mgeni. Watu wengine hukata manyoya ya mbawa ili chambo asiruke. Mimi sikubaliani nalo. Ndege asiyeweza kuruka anahangaika sakafuni, anaonekana mgonjwa, na ndani ya mtego uliofungwa vizuri hakuna haja yake.

Badilisha chambo mara kwa mara. Ukiona manyoya ya mkia yamekatikakatika, au ndege ameacha kushughulika na chakula, mwingize mwingine kati ya waliokamatwa karibuni. Siku zote bakiza ndani mmoja au wawili wenye uzoefu. Hao ndio wanaowatuliza wapya.

Kutengeneza kunguru wa bandia

Wa bandia hawezi kuchukua nafasi ya hai kwa muda mrefu. Kunguru ana akili, na baada ya siku chache atajua kwamba yule rafiki pale hajageuza shingo tangu juzi. Faida yake ni mwanzoni, wakati wa kulisha, na pale mtego unapohamishiwa mahali papya. Vilevile anakusaidia kuwaonyesha wanaopita mahali chakula kilipo.

Plastiki nyeusi ya dukani, hata ukiipata, inang'aa. Mng'ao ndio kasoro kubwa ya ndege wa bandia: manyoya ya kunguru yana mng'ao wake, lakini unavunjikavunjika, wakati plastiki hutoa mwale mmoja kama kioo. Ukitengeneza mwenyewe unadhibiti jambo hilo.

Kwa mwili, okota ndala. Ufuo wowote wa bahari kuanzia Kigamboni hadi Lamu una ndala zilizotupwa za kutosha kundi zima. Zioshe, zikaushe, gundisha vipande vinne vitano kimoja juu ya kingine kwa gundi ya viatu, uache usiku kucha. Chora umbo la ubavu kwenye karatasi ngumu kwanza, sentimita 40 kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, mkia ukichukua zaidi ya theluthi kidogo. Kata kwa kisu kikali, kisha lainisha kwa msasa. Usihangaike na kila unyoya. Kunguru husoma umbo kwa mbali: kichwa kikubwa kidogo, shingo iliyosimama, mgongo ulionyooka, mkia mwembamba.

Mdomo hutoka vizuri kwenye kifuu. Kipande cha kifuu tayari kina mpindo, ni kigumu, na rangi yake ya giza haihitaji kazi. Chonga vipande viwili, wa juu upinde zaidi na uzidi wa chini, uvichomeke kwenye kichwa kwa gundi. Macho ni shanga mbili ndogo nyeusi, zilizozama. Usitie duara jeupe kuzunguka jicho. Jicho kubwa linalokodoa ni la mwindaji, na ndege wadogo kwa wakubwa wanalikimbia.

Rangi: nenda duka la vifaa uombe rangi ya ubao wa shule. Ni nyeusi, haing'ai, na kopo dogo linatosha ndege kumi. Paka mikono miwili. Kwa kijivu, changanya nyeusi hiyo na rangi nyeupe ya maji, ongeza tone la kahawia ili isielekee kwenye buluu, kisha paka kisogo, pande za shingo na kifua. Mpaka wa kijivu na nyeusi usiwe mstari wa rula. Ufifishe kwa sponji kavu. Rangi ikiwa bado inanata, nyunyiza unga wa mkaa uliochekechwa juu ya sehemu nyeusi, upulize unaobaki. Mwisho weka ndege juani saa mbili asubuhi, rudi nyuma hatua ishirini, umtazame ukizunguka. Akitoa mwale popote, rudia hapo.

Ukiwa na manyoya ya kunguru waliokwishauawa, manyoya ya mbawa na mkia yaliyogundishwa pembeni yanaongeza uhai, maana upepo unayatikisa. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe juani siku mbili, na fanya kazi hiyo ukiwa na glavu.

Miguu: waya mmoja mnene, uliochomekwa tumboni na kutokeza sentimita 15 chini, unatosha. Kwenye udongo unachomeka moja kwa moja. Kwenye zege, chomeka waya kwenye kipande cha mbao ukifunike kwa mchanga.

Sasa mkao, na hapa ndipo ndege wa bandia anapofaulu au kufeli. Tengeneza wengi wakiwa wameinama, mdomo karibu na ardhi. Mmoja asimame wima, na huyo mweke juu, pembeni mwa bonde la paa la mtego, akitazama chini kwenye ngazi. Kundi la kunguru wote waliosimama wima ni kundi lililoona hatari. Kundi lenye vichwa chini linakula.

Waelekeze kwenye upepo, na si wote nyuzi zilezile. Wageuze kidogo huku na huku. Ndege hula na kutua akiukabili upepo, kwa hiyo wakati wa kaskazi vichwa vitazame kaskazini-mashariki, na kusi ikiingia vitazame kusini-mashariki. Wapishanishe kama hatua moja moja, na acha uwazi mtupu karibu kabisa na mtego. Anayeshuka hutafuta nafasi iliyo wazi ndani ya kundi. Nafasi hiyo ukiizungushia ndege sita na kuiacha katikati yao mbele ya chakula, umemchagulia pa kutua.

Kwa mwendo, toboa ndege mmoja tu, mwili wake ukae juu ya springi fupi badala ya waya, na ufunge mshipi wa kuvulia samaki kwenye mkia. Ukiwa umejificha mbali, vuta kidogo, achia, subiri. Mdomo utashuka na kupanda. Kuvuta kila baada ya sekunde tano ni vibaya kuliko kutovuta kabisa. Siku zenye upepo springi peke yake inatosha.

Waondoe kila jioni baada ya kunguru kwenda kulala, uwarudishe alfajiri kabla hawajaamka, kila siku katika mpangilio mwingine. Mara chambo hai wakishakuwa wanne mtegoni, hifadhi wa bandia wote isipokuwa yule wa juu ya paa, na huyo naye umbadilishe mahali.

Bundi wa bandia je? Wawindaji wa Marekani humtumia sana, kwa kuwa kunguru humchukia bundi na hukusanyika kumshambulia. Kwa bunduki inafaa. Kwa mtego haifai, sababu kunguru mwenye hasira huzunguka juu akipiga kelele, hashuki kula. Na ukiweka bundi juu ya nguzo Tandale au Kisauni, ugomvi wako wa kwanza utakuwa na majirani wala si na kunguru.

Kuwatoa waliokamatwa

Usiingie mtegoni mchana mbele ya kunguru walioko mtini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wakiongozwa na John Marzluff, waliwakamata kunguru wa huko wakiwa wamevaa barakoa ya aina moja, kisha wakapita mitaani nayo miaka iliyofuata. Kunguru waliikumbuka sura ile, wakaizomea, na hata ambao hawakukamatwa walijifunza kutoka kwa wenzao. Wa Seattle ni jamaa wa wetu, na mtegaji yeyote wa pwani atakwambia wetu nao wanamjua.

Ingia saa moja na nusu usiku au baadaye, wenzao wakishaondoka kwenda kulala, ukiwa na tochi ya kichwani yenye mwanga hafifu, glavu nene na mikono mirefu. Vaa kofia au kilemba ambacho huvai mchana. Chukua wasio na alama mmoja mmoja, wafunike taulo, uwatie kwenye boksi, ubebe nje ya eneo. Mtu wa kuwalisha asubuhi na mtu wa kuwatoa usiku wakiwa wawili tofauti ni bora zaidi.

Kuwaua kufanyike haraka, kwa mkono uliofundishwa. Muombe ofisa wanyamapori au daktari wa mifugo akuonyeshe namna ya kuvunja shingo kwa tendo moja. Huwezi kulijifunza kwa kusoma. Kuzamisha kwenye pipa la maji, kupiga kwa fimbo ndani ya gunia, kuacha juani, vyote ni ukatili na havina udhuru. Sumu usiiguse. Ile inayotumika dhidi ya kunguru inashikwa na wataalamu wenye leseni, na mtu mwenye chupa ya dawa ya wadudu ataua mbwa na mwewe kabla ya kuua kunguru.

Mizoga ifukiwe angalau nusu mita chini, ili mwewe wala mbwa wasiweze kuifukua. Nawa kwa sabuni hadi viwiko. Ukikuta ndege wengi wamekufa wenyewe bila sababu, usiwaguse. Mpigie daktari wa mifugo wa eneo.

Mzoga kama kitisho

Kuna wakati hutaki kunguru waje, unataka wakae mbali: kwenye vichanja vya dagaa, juu ya mwembe uliokomaa, kwenye veranda ya mgahawa. Hapo chambo hugeuzwa. Kunguru akimwona mwenzake amekufa huita wengine, wanazunguka kwa kelele, kisha wanaliogopa eneo hilo kwa siku kadhaa.

Wa bandia anatosha kwa kazi hii, na hanuki. Mtengeneze mbawa zikiwa zimefunguka na kulegea, kwa kitambaa cheusi cha mahameli kilichoshonwa juu ya fremu ya waya, umning'inize kichwa chini kwa mshipi mrefu ili upepo umzungushe. Kimo kiwe juu kidogo ya vichanja. Baada ya siku tatu nne msogeze, na ukishaona wamemzoea mtoe kabisa kwa wiki mbili kabla ya kumrudisha. Akikaa mwezi mzima mahali pamoja atakuwa kitulio chao.

Kitisho hiki na mtego visiwe karibu. Acheni umbali wa mitaa miwili mitatu, wala usimning'inize mzoga juu ya mtego ukidhani unawaonyesha ushindi.

Mambo yanapokwama

Wanatua juu ya paa lakini hawashuki: tazama chakula kilipo. Kikiwa pembeni, kisogeze chini ya ngazi kabisa. Angalia pia kama kuna kamba, nguo au mfuko unaopepea karibu.

Wameacha kuja ghafla: karibu kila mara kuna mtu aliyeingia mchana, au kuna ndege aliyefia ndani akaonekana. Toa mzoga, acha mlango wazi, lisha nje siku tano bila kukamata, uanze upya. Ikishindikana, hamisha mtego.

Wanaingia mbayuwayu, korobindo, mwewe au kunguru wa kifua cheupe: fungua mlango, simama kando, waache watoke wenyewe. Mwewe akinaswa pamoja na chambo, mtoe kwanza kabla ya jambo jingine lolote, na ukiona anarudi kila siku ujue nyama yako ni nyingi mno na chambo wako ni wachache.

Umekamata wengi wiki mbili za kwanza, sasa hakuna kitu: hiyo ni kawaida, umemaliza wajinga. Wapumzishe waliobaki. Funga ngazi kwa wavu, wape chambo wako mapumziko au uwahamishie kwa mtegaji mwingine, na baada ya mwezi, vijana wapya wakishatoka kwenye viota, fungua ngazi tena.